Kama moyo wako umetanuka na nyumbani hakuna mzani, naomba usome huu uzi

#1 Fundi wa Ngamiani

Habari za leo wana jukwaa. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 51. Huu ni mwaka wa tano naishi na moyo ulioshindwa kufanya kazi sawasawa, ule ambao wengi tunaambiwa "moyo umetanuka". Chanzo ni presha. Niliambiwa ninayo nikiwa na miaka 38, nikawa nameza dawa siku kichwa kikiuma tu.

Miaka miwili ya mwanzo nililazwa mara 3. Miaka mitatu iliyofuata sijalala wodini hata usiku mmoja, na dawa ni karibu zilezile. Kilichobadilika ni kwamba nilifundishwa. Ndiyo maana naandika, kwa sababu kila nikienda kliniki nakaa benchi moja na mtu mwenye faili nene kama Kurani, ukimuuliza unaumwa nini anasema "presha", ukimuuliza kidonge hiki cha nini anasema "cha asubuhi". Simlaumu. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Nilipolazwa mara ya kwanza, siku ya kuruhusiwa nilipewa mfuko wa dawa na maneno mawili: punguza chumvi, rudi baada ya mwezi. Chumvi nikapunguza kwa akili yangu, yaani nikaacha kunyunyiza mezani. Kwamba chumvi yenyewe iko ndani ya sufuria, hilo sikuambiwa na sikuuliza.

Mara ya tatu ndiyo ninayotaka kuisimulia. Shangazi yangu alifariki Lushoto. Nikapanda basi alfajiri, Lasix, kile kidonge cha kutoa maji mwilini, sikumeza. Wanaozimeza wanajua: ukimeza saa kumi na mbili, mpaka saa nne umeshakwenda haja ndogo mara tano, na basi halikusubiri wewe. Nikasema nitameza nikifika. Nikafika, kuna kufunga maturubai, kuna wageni, nani anakumbuka kidonge? Siku iliyofuata pia nikaruka kwa makusudi, choo kilikuwa chini bondeni na foleni ya watu. Siku tatu za matanga ni wali, maharage yaliyolainishwa kwa magadi, mchuzi wa sufuria kubwa ambao chumvi yake anaijua aliyeupika, na chai ya moto kila saa kwa sababu ya baridi.

Siku ya pili viatu vikabana. Nikasema ni safari. Usiku wa tatu nimelala mkekani na wanaume wenzangu, nikashtuka saa nane nahisi nazama. Nikatoka nje, nikakaa kwenye jiwe, baridi yote ile ya milimani nimefungua vifungo vya shati natafuta hewa. Nakohoa, mate yana povu. Binamu yangu akasema ni nimonia, nimepigwa na baridi. Wote tuliamini hivyo mpaka hospitali. Nililazwa siku 9.

Nilipotoka, muuguzi mmoja wa kliniki, mama wa makamo, aliniuliza: "Ulipoanza kuvimba ulikuwa na kilo ngapi?" Sijui. "Na siku uliyoruhusiwa mara ya mwisho?" Sijui. Akauliza kazi yangu. Nikamwambia fundi nguo. "Sasa baba, wewe unaweza kumkatia mtu suti bila kumpima?"

Akanieleza hivi. Moyo ukiwa dhaifu, damu inayofika kwenye figo inapungua. Figo hazina macho, hazijui kwamba pampu ndiyo mbovu. Zenyewe zinadhani mwili umekauka, kwa hiyo zinashika chumvi, na chumvi inashika maji. Maji hayo yanashuka miguuni, yanajaa tumboni, na ukilala yanarudi kwenye mapafu. Ndiyo maana mtu anaongeza mito. Mimi nilifika mito minne, mke wangu anadhani napenda tu kulala nimeinuka.

Na lita moja ya maji ni kilo moja. Mwanadamu hawezi kunenepa kilo mbili kwa siku mbili. Ukiona hivyo ujue ni maji, na mzani unayaona siku kadhaa kabla kifua hakijaanza kubana. Zile siku kadhaa ndizo nilizokuwa nazipoteza kila mara.

Nilinunua mzani wa bafuni, na daftari la shule la kurasa 80. Kila asubuhi nikiamka naenda haja ndogo, kabla ya chai, nikiwa na msuli tu, napanda. Mzani hauhami, upo kwenye sakafu ya saruji kona ileile. Ukiuweka juu ya mkeka au zulia unadanganya. Kupima leo kwa mzani wa duka la dawa na kesho kwa yule kijana wa stendi hakusaidii, kila mzani una tabia zake. Nikimaliza nabonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba, nahesabu mpaka kumi, naachia. Kikibaki kishimo naandika.

Uzito wangu nikiwa sina maji ya ziada ni 63.5. Daktari ameuandika mbele ya daftari kwa mkono wake, na chini yake ameandika nifanye nini: nikiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, niongeze kidonge kimoja cha Lasix kwa siku 3 na nipige simu kliniki. Nisiposhuka, niende. Huo ni mpango WANGU, kwa moyo wangu na figo zangu. Msichukue dozi ya mtu humu jukwaani. Mkadai wa kwenu.

Miezi miwili baada ya Lushoto daftari liliandika 63.7, 64.4, 65.1, 65.9. Miguu haijavimba hata kidogo, nashona kama kawaida. Nikafuata maandishi. Siku ya nne nikawa 63.8. Nilikaa na lile daftari mkononi muda mrefu, maana nilijua hiyo ingekuwa wodi.

#2 Mama Zuu

Pole sana kaka, na ahsante. Mume wangu ana tatizo hilohilo tangu mwaka jana. Shida yangu ni chakula. Nikipika bila chumvi anasukuma sahani, anasema nimemuona maiti. Watoto nao wanalalamika. Nimeanza kumpikia kando lakini naona kama namtenga. Nifanyeje?

#3 Fundi wa Ngamiani

Dada, usimpikie kando. Pikeni chungu kimoja chenye chumvi ndogo, watoto na wewe pia itawafaa, presha haichagui. Wanaotaka waongeze chao mezani.

Kiasi cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, ni kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, na hapo hesabu mkate, supu, kila kitu. Mke wangu alichofanya ni kuondoa vile vinavyojificha. Magadi ndiyo ya kwanza. Watu wanaona si chumvi kwa sababu hayana ladha ileile, lakini sodiamu iliyomo ndiyo inayoshika maji. Maharage sasa yanalowekwa usiku kucha, yanaiva bila magadi. Pili vile vibonge na vipakiti vya kukolezea mchuzi. Tatu ng'onda na papa mkavu, hapa nililia maana mimi ni mtu wa pwani. Siku moja moja tunaroweka, tunamwaga maji mara mbili, tunapika kipande kidogo kwenye nazi nyingi bila chumvi nyingine.

Ladha tumeirudisha kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbichi, giligilani. Wiki tatu za kwanza ni mbaya kweli. Baada ya hapo ulimi unazoea. Leo nikila kwa watu naona chakula kikali.

#4 Nesi wa Zamu

Nimefanya kazi wodi ya moyo kwa miaka mingi, naomba kuongeza machache.

Kwanza, huu si ugonjwa wa wazee kwetu. Utafiti uliofanywa kwenye nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uliochapishwa 2012, ulikuwa na wagonjwa 1,006 na wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Hapa Muhimbili wagonjwa 427 walifuatiliwa, matokeo yakatoka 2014, wastani ukawa 55. Kote kuwili presha ndiyo chanzo kikubwa, takriban 45%. Ulaya mgonjwa wa kawaida ana zaidi ya miaka 70. Kwetu anayelala wodini ni mtu anayesomesha.

Pili, dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni. Nimepokea wagonjwa wengi waliokuwa wametulia kabisa, goti likauma, wakanunua vidonge dukani au wakachomwa sindano. Dawa hizi zinaziba kazi ya figo na kushikilia chumvi, wiki hiyohiyo mtu anafurika. Ukiwa na moyo dhaifu, kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli, na kila duka la dawa unaloingia sema kwa mdomo wako "nina ugonjwa wa moyo" kabla hujapewa chochote.

Tatu, zile chumvi mbadala zinazouzwa "kwa wagonjwa wa presha" nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Unayetumia dawa za moyo kama spironolaktoni pamoja na enalaprili au losatani, potasiamu inabaki mwilini, ikizidi inaweza kusimamisha moyo ghafla. Kwa sababu hiyohiyo madafu usinywe kama maji. Dafu moja siku moja si kosa, ila nimemwona mtu anakunywa matatu kila siku kwa sababu ameambiwa yanasafisha figo. Damu ipimwe potasiamu na figo mara kwa mara, na ukiona miezi imepita hujapimwa, uliza.

Nne, kuhusu maji ya kunywa. Fundi hajalisema, nalisema mimi: si kila mgonjwa anapunguziwa. Wale waliozidiwa mara nyingi huambiwa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kila kimiminika kikihesabiwa, uji na chai na supu. Uliza lako ni kiasi gani. Njia rahisi: jaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi, kila ukinywa chai mwaga kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Chupa ikiisha, siku imeisha.

Na ukishindwa kupumua umekaa tu, ukikohoa povu lenye rangi ya damu, ukizimia au kifua kikibana, hapo hakuna cha daftari. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

#5 Mtoto wa Newala

Wakuu nimeusoma uzi wote mara mbili. Mama yangu yuko Newala, mimi niko Dar. Eko yake, kile kipimo cha picha ya moyo, ilionyesha moyo unasukuma 30%. Nilivyosikia hivyo nikajua amebakiza 30% ya maisha, sikulala. Daktari akanielewesha baadaye kwamba hata moyo mzima hausukumi 100% ya damu iliyomo, kawaida ni kama 55 hadi 70.

Tatizo langu: mama hajui kusoma, nyumba ni ya udongo sakafu haiko sawa, na anaishi na mjukuu wa darasa la tano. Hili la mzani litawezekana kweli?

#6 Nesi wa Zamu

Linawezekana, na darasa la tano anatosha. Mtafutieni kipande cha ubao kinene au tofali pana la saruji, fundi alisawazishe ardhini, mzani ukae hapo daima. Nunua ule wa namba, si wa mshale, mtoto asome anachokiona. Aandike, akutumie wewe meseji kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Wewe ndiye utakayekuwa unaangalia kama imepanda. Lakini kabla ya yote uliza kliniki yao uzito wake sasa hivi akiwa hana maji ni ngapi. Bila hiyo namba, kilo za kila siku hazina pa kulinganishwa.

#7 Binti Mrima

Niruhusuni niseme la wanawake.

Mimi moyo ulitanuka wiki ya sita baada ya kujifungua, nikiwa na miaka 27. Miguu imevimba, napumua kwa shida, sina nguvu ya kumbeba mtoto. Kila mtu alisema ni uzazi. Mama mkwe akasema ni maji ya moto hayakunikanda vizuri. Nilikuwa nalala nimekaa, mtoto mapajani, mgongo ukutani, watu wanasema nampenda sana mwanangu hata simlazi. Ukweli nilikuwa siwezi kulala chini.

Ugonjwa huu huanza mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Wapo wanaopona kabisa, mimi moyo umerudi hadi 50% baada ya mwaka na nusu wa dawa. Jambo ambalo nililijua kwa kuchelewa ni kuhusu mimba nyingine. Inaweza kuurudisha ugonjwa, na vibaya zaidi. Dawa nyingine za moyo, kama enalaprili na losatani, zinamdhuru mtoto tumboni. Hakuna aliyezungumza nami uzazi wa mpango mpaka nilipouliza mwenyewe, na niliuliza kwa sababu mume ameanza kutaka mtoto wa pili. Nilikwenda naye kliniki. Daktari alimwonyesha picha ya eko, akamwambia yeye, si mimi. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena.

Dada zangu, uvimbe unaopanda baada ya kujifungua, pamoja na kushindwa kulala chali, si uchovu.

#8 Mzee wa Mitishamba

Nawaheshimu wote, lakini mnawatisha watu. Kuna miti inayotoa maji vizuri kuliko hizo Lasix, na haina kemikali. Mjomba wangu aliacha dawa za hospitali akapona.

#9 Fundi wa Ngamiani

Shikamoo mzee. Sikatai kwamba ipo miti inayotoa maji. Wasiwasi wangu uko pengine. Lasix inanitolea maji, ni kweli, lakini dawa nyingine za moyo kazi yake kubwa si hiyo. Karvediloli inautuliza moyo usikimbie, enalaprili na spironolaktoni zinauzuia usizidi kutanuka. Hizo ndizo zinazoniongezea siku, na huzisikii zikifanya kazi. Ukiziacha unaweza kujiona mzima wiki mbili, tatu, huku moyo unaharibika. Mjomba kama yuko salama namshukuru Mungu, ila namuomba apimwe eko. Na anayetumia mti wowote amwambie daktari wake jina la mti bila kuogopa.

Kwa kuwa tumefika kwenye kuacha dawa, niseme la aibu kidogo. Spironolaktoni ilinifanya matiti yaume na kuvimba. Mwanaume na kazi yangu ya kupimwa na kupima nguo, nikaificha miezi miwili, kisha nikaiacha kimya kimya. Nilipomwambia daktari hakucheka. Akasema hutokea kwa wanaume, akanibadilishia. Hivyohivyo kile kikohozi kikavu cha enalaprili, wapo wanaodhani ni kifua kikuu wanaacha. Inabadilishwa. Semeni tu, hata kama ni mambo ya chumbani. Wengi wetu tumeacha dawa kwa sababu hiyo na tunajibu kliniki kwamba tunameza.

Na safari: siku hizi Lasix siiruki, naihamisha. Nikisafiri asubuhi nameza nikifika mchana. Niliuliza kama inaruhusiwa, nikaambiwa ndiyo. Miaka yote ile ningeuliza tu.

#10 Baharia wa Kale

Hamjambo, mie niko Mombasa. Babangu ana miaka 66, alilazwa mwezi wa Rajabu kwa moyo, na sasa ashika yeye lazima afunge Ramadhani. Tumwambieni nini?

#11 Nesi wa Zamu

Aliyelazwa karibuni na anayetumia dozi kubwa ya dawa za maji, mara nyingi daktari atamwambia asifunge, na mgonjwa ruhusa anayo katika dini yake. Wapo waliotulia muda mrefu wanaofunga, lakini dawa zinapangwa upya kati ya futari na daku kabla mwezi haujaandama. Asipange mwenyewe. Mpelekeni kliniki sasa, na kama mnaye shekhe anayemsikiliza, nendeni naye. Maneno yangu na yako hayatamfika baba kama ya shekhe wake.

Na hata asipofunga, angalieni meza ya futari. Sambusa, viazi vya rojo, supu, na majagi ya maji kwa mkupuo mmoja. Kipindi hicho nawaona wengi.

#12 Baharia wa Kale

Shukran dada. Shekhe nimempata, twaenda Jumanne.

#13 Mtoto wa Newala

Wakuu narudi. Ni wiki ya nne sasa. Mzani ulifika kwa basi, fundi akasawazisha ardhi, uzito wa mama akiwa hana maji tumeambiwa ni 52. Meseji zinakuja kila siku saa kumi na mbili na nusu: "Bibi 52.1." "Bibi 52.0." Nimeanza kuamka kabla hazijaingia.

Alhamisi iliyopita ikaja 52.9, Ijumaa 53.6, Jumamosi 54.3. Nikapiga simu, mama ananiambia yeye mzima, amekula vizuri, hana tatizo. Nikauliza amekula nini. Kumbe jirani ameleta korosho za kukaanga zenye chumvi, amekuwa akizitafuna tangu Jumatano jioni, bakuli liko pembeni ya kitanda. Nikapiga kliniki yao, wakamwongezea dawa kwa siku tatu na kuniambia dalili za kumpeleka mara moja. Jumanne 52.4.

Mara mbili mwaka jana nilisafiri usiku kwenda Newala kwa sababu ya simu ya saa nane. Safari hii sikutoka Dar.

Korosho bado anakula, za kuchoma bila chumvi. Na mjukuu anasema sasa yeye ndiye anayeamshwa, bibi amesimama karibu na ubao anamwita, njoo unisomee.